Kuiandaa pikipiki iliyoundwa na fundi ili ioneshwe makumbusho: mwongozo kamili kwa mafundi na wamiliki wa Dar es Salaam

Fundi akisikia kwamba pikipiki aliyoiunda imekubaliwa kuwekwa kwenye ukumbi wa makumbusho, jambo la kwanza linalomjia ni kuipeleka kwa mpiga rangi. Afadhali asubiri. Makumbusho haina haja ya pikipiki inayong'aa kuliko siku ilipotoka gereji. Inahitaji ushahidi wa namna ilivyoundwa, ilivyotumika na ilivyochakaa, na kila tone la rangi mpya hufunika sehemu ya ushahidi huo. Mwongozo huu unamhusu fundi au mmiliki mwenye pikipiki iliyokatwa fremu, ikawekewa tangi, siti na ekzosi za kutengenezwa kwa mkono, ambaye anataka kuiazimisha au kuitoa kabisa ili ioneshwe. Unafuata mfuatano wa kazi yenyewe, tangu barua ya kwanza hadi ukaguzi wa baada ya ufunguzi.

Kabla ya kuandika barua

Dar es Salaam ina Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni katika Mtaa wa Shaaban Robert, iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George V wa Uingereza. Wageni wengi huijua kwa sababu ya fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lakini mwenye pikipiki aangalie zaidi magari ya zamani yaliyowabeba viongozi wa nchi, likiwamo Rolls-Royce. Magari hayo yanaonesha kwamba chombo cha moto hukubalika pale kikiwa na historia inayoelezeka. Kijiji cha Makumbusho kilichoko Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo, ni mahali pa nyumba za jadi za makabila ya Tanzania na sehemu yake kubwa iko wazi kwa mvua na upepo wa bahari. Pikipiki inaweza kupelekwa pale kwa siku ya tamasha, si kwa maonesho ya miezi.

Barua ya maombi isizidi kurasa mbili, iambatane na picha, na ijibu swali moja ambalo mhifadhi atajiuliza: pikipiki hii inaeleza nini ambacho vitu vilivyomo ukumbini havijakieleza? Kusema ni nzuri hakutoshi. Hoja nzuri mara nyingi imo ndani ya injini. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani kwetu zina injini iliyotokana na ile ya Honda CG125, ambayo Honda ilianza kuiuza mwaka 1976 ikiwa imebuniwa makusudi kwa nchi ambako pikipiki hubeba mzigo mzito na hupata matengenezo haba. Badala ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya juu inayozungushwa kwa cheni, wabunifu waliiweka kamshafti chini na kuzisukuma valvu kwa fito, ili injini ivumilie oili iliyochelewa kubadilishwa. Ubunifu huo wa Kijapani ukanakiliwa China, ukaja Kariakoo ndani ya maboksi, na fundi wa Temeke au Vingunguti akaufungia kwenye fremu aliyoikata mwenyewe. Safari hiyo ni historia ya teknolojia kamili, na mhifadhi akiiona imeandikwa kwa ufasaha ataelewa kwamba hajaombwa kutunza chombo cha kubebea abiria tu.

Mwenye wasiwasi kwamba pikipiki si kitu cha makumbusho akumbuke kwamba mwaka 1998 jumba la Guggenheim la New York, ambalo ni la sanaa, lilipanga zaidi ya pikipiki 100 kwenye njia yake inayopanda kwa mzunguko, na watu walifurika.

Hatua ya kwanza: umiliki na namba

Makumbusho haipokei kitu ambacho asili yake haijulikani. Tayarisha kadi ya usajili iliyotolewa na TRA, hati ya mauziano kama uliinunua kwa mtu, na risiti za vipuri vikubwa zilizobakia. Kisha linganisha namba ya injini na namba ya chesesi zilizoandikwa kwenye kadi na zile zilizochongwa kwenye chuma chenyewe. Hapa ndipo pikipiki za kuundwa huleta shida, kwa kuwa injini mara nyingi imetoka kwenye pikipiki nyingine, na shingo ya fremu yenye namba ya chesesi huenda ilikatwa wakati wa kubadilisha pembe ya usukani. Kama namba hazilingani, rekebisha usajili kwanza TRA kabla ya kupeleka maombi. Usichonge namba upya kwa mkono wala usikwangue iliyopo, hata kama nia yako ni njema, kwa sababu namba iliyochezewa huonekana kama alama ya wizi kwa kila atakayeikagua baadaye.

Hatua ya pili: kumbukumbu kabla ya kugusa chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Pikipiki ikishaondolewa petroli na kusimamishwa juu ya jukwaa haitasikika tena, kwa hiyo irekodi ikiwa hai. Chukua video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, ikinguruma taratibu, ikipandishwa gia, ikizimwa. Weka simu au kinasa sauti mita moja nyuma ya ekzosi, mahali pasipo na kelele za magari. Ua wa nyumba Jumapili asubuhi mapema unafaa. Mwoneshe mwendeshaji akipanda, akikaa, akikata kona, maana namna mwili unavyolala juu ya siti ndefu au unavyoukamata usukani wa juu ni sehemu ya ubunifu ambayo pikipiki iliyosimama haiwezi kuionesha.

Baada ya hapo piga picha za utulivu: kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu, na chini ikiwa imeinuliwa. Weka rula au futi kamba ndani ya kila picha ili kipimo kionekane. Piga kwa karibu kila uungo wa kulehemu, kila mkwaruzo, kila stika, kila maandishi kwenye madigadi, na kila mahali rangi ilipobanduka ikaonesha rangi ya chini. Tumia mwanga wa kivulini. Jua la saa sita huua maelezo ya kromu. Pima urefu, upana wa usukani, kimo, umbali kati ya ekseli mbili na uzito. Uzito upimwe kwa mizani, kwani pikipiki ya kawaida ya bodaboda ya sentimita za ujazo 150 ina takriban kilo 120, lakini iliyoongezewa vyuma inaweza kupita hapo kwa mbali, na jukwaa litajengwa kwa kufuata namba utakayoitoa.

Halafu andika nani alifanya nini. Pikipiki ya namna hii haiundwi na mtu mmoja, hata kama jina linalotajwa mtaani ni moja. Yuko aliyekata na kulehemu fremu, yuko aliyekunja bati la tangi, yuko mpiga rangi, yuko mshona siti, yuko kijana aliyesaga kwa msasa siku nzima. Waulize wote wakiwa bado wanapatikana, uwarekodi kwa sauti zao, na uwaombe ridhaa ya maandishi ya kutajwa majina. Tahadhari hii ina sababu. Pikipiki zilizoonekana kwenye filamu ya Kimarekani ya Easy Rider ya mwaka 1969 ni miongoni mwa pikipiki za kuundwa zinazojulikana zaidi duniani, lakini Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi waliohusika kuzibuni na kuziunda, hawakutajwa kwenye filamu hiyo, na ilichukua miongo kadhaa kazi yao kuanza kutambuliwa. Kwetu jambo hili hutokea kwa urahisi zaidi, kwa sababu makubaliano ya gereji ni ya mdomo na mafundi huhama.

Maliza kwa jedwali la vipuri. Safu moja iwe jina la kipuri, ya pili kilitoka kwenye chombo gani, ya tatu kilinunuliwa wapi au kilitengenezwa na nani, ya nne lini. Pale usipokumbuka, acha wazi; nafasi tupu ina heshima kuliko tarehe ya kubuni.

Hatua ya tatu: kuamua ibaki katika hali gani

Sasa, na si kabla, ndipo swali la rangi linapofika mezani. Kuna njia tatu: kuiacha ilivyo, kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo siku ilipokamilika, au kuiacha na kurekebisha tu yale yanayohatarisha usalama wake. Mimi napendelea njia ya tatu karibu kila mara. Mfano unaonifaa ni wa Harley-Davidson iliyosombwa na tsunami ya Japani ya Machi 2011, ikavuka Bahari ya Pasifiki ikiwa ndani ya kontena na kukutwa ufukweni mwa Kanada mwaka 2012. Kampuni ilitaka kuitengeneza na kumrudishia mwenyewe, naye akaomba iwekwe kama ilivyo kwenye makumbusho ya kampuni hiyo huko Milwaukee, kwa ukumbusho wa waliopoteza maisha. Ingesafishwa kutu ingekuwa pikipiki kama nyingine.

Pikipiki yako huenda haikupita kwenye tsunami, lakini alama ya goti iliyofuta rangi ya tangi, stika ya kijiwe cha bodaboda na waya uliofungwa badala ya bolti ni maandishi yanayosomeka. Waya huo usiutoe kwa aibu. Ikilazimika kubadilisha kipuri, kwa mfano tairi lililopasuka kabisa, kipuri cha zamani kisafishwe, kitiwe lebo na kukabidhiwa pamoja na pikipiki, na kile kipya kitiwe alama ndogo upande usioonekana ili mtu wa baadaye asidanganyike. Hata makumbusho makubwa hutumia nakala pale kitu halisi kinapokosekana: pikipiki ya mbao ya Daimler ya mwaka 1885 iliungua kwenye moto wa kiwanda mwaka 1903, na zile zinazooneshwa leo ni nakala.

Hatua ya nne: kuondoa petroli, oili, maji ya breki na betri

Kazi hii ifanyike nje, kivulini, mbali na mtu anayelehemu, mtungi wa moto wa poda ukiwa karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujaa mashimoni, na tangi lililomwagwa petroli lakini halijakauka ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke na hewa vimeshachanganyika.

Anza na oili. Endesha pikipiki kidogo ipate moto, mwaga oili yote ya zamani, kisha jaza mpya. Injini za jamii ya CG hupokea takriban lita moja. Oili iliyotumika hubeba asidi na maji yaliyotokana na uunguzaji, na ikiachwa miezi kadhaa hula beringi kimyakimya. Washa injini dakika chache ili oili safi izunguke, kisha funga koki ya petroli na uiache injini ijizimie yenyewe kabureta ikikauka. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umalize matone yaliyobaki, maana petroli iliyolala hugeuka gundi inayoziba jeti.

Tangi limwagwe lote, livuliwe kama linavulika, na liachwe wazi mahali penye upepo kwa siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa. Tangi la bati la kutengenezwa kwa mkono lina mishono ya ndani inayoshika kutu upesi, kwa hiyo likishakauka mimina oili safi kidogo, ligeuze pande zote ili utando upite kila mahali, umwage iliyozidi. Usiruhusu mtu yeyote alehemu tundu la tangi katika hatua hii.

Silinda nayo ina utaratibu wake. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi, zungusha injini taratibu kwa kiki bila kuwasha swichi, kisha ipeleke pistoni hadi juu mwishoni mwa mkandamizo, mahali ambapo valvu zote mbili zimefunga, ili hewa yenye unyevu isipate njia ya kuingia. Rudisha plagi. Mdomo wa ekzosi uzibwe kwa kizibo cha kitambaa safi, la sivyo nyigu watajenga humo au panya mdogo atapata nyumba.

Kama breki ya mbele ni ya disiki, maji yake ya breki yatolewe. Maji hayo hunyonya unyevu, hushikisha pistoni za kalipa, na yakidondokea rangi huimenya ndani ya muda mfupi. Funika tangi na madigadi kwa nailoni kabla ya kufungua bomba. Betri iondolewe moja kwa moja na isirudi, kwani asidi inayovuja hula fremu chini ya siti bila mtu kuona. Mhifadhi akiomba taa ziwake, mjibu kwa upole kwamba hapana. Waya zilizoungwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu nyeusi hazikukusudiwa kuwaka kwa muda wa saa nane kila siku ndani ya jengo la umma.

Ukimaliza, funga kwenye usukani kadi yenye maneno makubwa: HAINA PETROLI, HAINA BETRI, IMEWEKWA OILI SAFI, pamoja na tarehe na sahihi. Mkuu wa usalama wa jengo ataitafuta kadi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya tano: kusafisha bila kuharibu

Adui mkubwa hapa ni chumvi. Pikipiki iliyopita Coco Beach, Kigamboni au Barabara ya Ocean kwa miaka ina chumvi ya bahari kwenye kila kona, na chuma chenye chumvi hushika kutu hata kwenye hewa ambayo chuma safi kingevumilia. Mashine ya kuoshea magari isitumike, kwa sababu husukuma maji ndani ya beringi, chini ya stika na nyuma ya rangi iliyopasuka. Ondoa kwanza vumbi kwa brashi laini. Kisha tumia vitambaa vya pamba vilivyoloweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kujazia betri (hakikisha ni maji, si asidi), ukitia tone la sabuni laini isiyo na rangi pale penye mafuta. Badilisha kitambaa mara kwa mara, futa tena kwa maji matupu, kausha papo hapo. Vaa glavu za nitrili. Jasho la vidole lina chumvi pia, na alama ya kidole kwenye alumini iliyosuguliwa hujitokeza baada ya wiki kama mchoro.

Kromu isisuguliwe kwa msasa wala steel wire. Tabaka lake ni jembamba, na likitoboka kutu hukimbia chini yake. Dawa za kung'arisha zenye chembe za kusugua ziwekwe mbali. Dawa za kupuliza zenye silikoni, zile zinazofanya matairi yaonekane meusi na yenye maji, nazo zisitumike popote: huacha utando usiotoka, ambao siku rangi ikihitaji kutiwa kiraka hautaruhusu kiraka kishike. Kwa vyuma vilivyo wazi na kwa rangi iliyo imara, paka nta nyembamba isiyo na silikoni, subiri ikauke, futa kwa kitambaa laini. Rangi inayobanduka isipakwe nta kabla mhifadhi hajaiona.

Siti ya leza bandia hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo tu. Ya ngozi halisi isipakwe mafuta ya nazi wala grisi, ambayo huvuta vumbi na kulisha ukungu, na Dar es Salaam haikosi ukungu.

Hatua ya sita: kuisimamisha

Stendi ya pembeni haifai. Huilaza pikipiki upande mmoja, huelemeza uzito juu ya pini moja, na mtoto akiegemea upande wa pili chombo kinaanguka. Tengenezesha vishikizo viwili vya chuma vinavyoibeba fremu kutoka chini, vyenye mpira mgumu au kitambaa kizito cha sufu mahali vinapogusa, na vinavyoinua magurudumu yaguse jukwaa kwa shida tu. Tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa miezi hupata ubapa na kupasuka, na mpira huvujisha mafuta yanayodoa rangi ya jukwaa, kwa hiyo weka kipande cha plastiki ya poliyesta chini ya kila tairi. Upepo wa matairi ubaki, lakini chini ya kipimo cha barabarani. Usitoboe fremu kwa ajili ya bolti ya kishikizo. Kila kishikizo kiwe cha kukumbatia na kufungulika.

Jukwaa la sentimita 15 hadi 30 linatosha, na kamba au kizuizi kiwe umbali wa karibu mita moja, kwa kuwa wageni wetu hupenda kushika usukani na kupiga picha wakiwa wamepanda. Funguo zitolewe na kukabidhiwa kwa maandishi.

Hatua ya saba: mkataba

Kama unaiazimisha, mkataba utaje muda, mahali hasa itakapowekwa, nani anaruhusiwa kuigusa, nani analipia usafiri wa kwenda na kurudi, na haki ya picha. Kama unaitoa, mkataba useme hivyo bila kificho, maana kitu kilichoingia kwenye rejista ya mkusanyo wa taifa hakitoki kwa simu ya mwenye nacho wa zamani. Bima ya barabarani kwa kawaida haigharamii pikipiki iliyoko ukumbini wala iliyopakiwa juu ya gari. Omba bima ya maonesho inayoanzia mlangoni kwako hadi itakaporudi hapo, kwa thamani mliyokubaliana kwa maandishi. Thamani hiyo ijumuishe saa za kazi za mafundi, si bei ya vipuri peke yake. Ambatanisha taarifa ya hali ya pikipiki yenye picha za hatua ya pili, isainiwe na pande zote mbili siku ya kukabidhi na siku ya kurudisha.

Hatua ya nane: usafiri

Kirikuu yenye turubai inatosha, ilimradi sakafu yake imetandikwa godoro jembamba au zulia na imepimwa urefu kabla. Panga safari nje ya masika, na ikishindikana, asubuhi isiyo na mawingu. Tumia mikanda mipana yenye kukaza, minne, ikifungwa kwenye fremu na kwenye sehemu imara ya chini ya usukani, kamwe si kwenye ekzosi, vioo au madigadi. Shokapu za mbele zikazwe hadi nusu ya mwendo wake tu. Zikikazwa hadi chini, sili hupasuka. Kila mahali mkanda unapogusa rangi weka kitambaa. Usiifunge pikipiki nzima kwa nailoni, kwa kuwa joto la mchana hufanya nailoni itoe jasho kwa ndani na maji hayo hukaa juu ya chuma. Shuka la pamba ni bora. Siku moja kabla, pima milango, korido na ngazi za jengo kwa kulinganisha na upana wa usukani. Usukani mpana umeshawahi kuzuia kazi nyingi mlangoni, na kuuvua mbele ya wageni waalikwa si jambo la kupendeza.

Hatua ya tisa: hewa na mwanga wa ukumbi

Unyevu wa hewa ya Dar es Salaam mara nyingi hupita asilimia 70, ilhali chuma huanza kusumbuka zaidi unyevu ukipita asilimia 60 hivi. Kiyoyozi husaidia, lakini kina mtego wake. Kikizimwa jioni ili kuokoa umeme, hewa ya joto yenye unyevu huingia na kukutana na chuma kilichopoa, na umande hujitengeneza juu ya injini na ndani ya tangi. Hali ya kupanda na kushuka kila siku ina madhara kuliko kiwango kimoja cha juu kidogo kisichobadilika. Waombe wahusika waitunze hali moja usiku na mchana. Wakishindwa, afadhali ukumbi wenye feni na hewa inayotembea kuliko wenye baridi ya mchana pekee. Weka kipima unyevu karibu na pikipiki, si ukutani mbali, na mifuko ya silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) ndani ya tangi na chini ya siti, ikiwa imeorodheshwa ili isisahaulike.

Mwanga wa jua usiifikie kabisa. Metali haijali mwanga, lakini rangi, stika, plastiki na mpira hujali. Kiwango cha lukisi (kipimo cha mwanga) 200 kinatosha kwa rangi na ngozi, na kama kuna kitambaa au maandishi ya wino kipunguzwe hadi 50. Taa za LED zinafaa kuliko zile za zamani zenye joto, na zielekezwe pembeni ili mishono ya kulehemu itoe kivuli na ionekane.

Hatua ya kumi: maandishi ya maelezo

Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, yasizidi maneno 80 hivi, na yamjibu mgeni aliyesimama kwa nusu dakika. Yataje wote walioiunda kwa majina yao na kazi zao, mahali, miaka ya kuundwa na ya kutumika, asili ya injini, na jambo moja la kutazama. Jambo hilo la kutazama ndilo lenye kazi kubwa. Badala ya kuandika kwamba pikipiki ni ya kipekee, andika: "Tazama chini ya tangi upande wa kushoto: bati limeunganishwa kwa mshono mmoja mrefu, kwa sababu fundi alilikata kutoka kwenye pipa." Mgeni ataingiza kichwa, atauona mshono, na atabaki pale kwa muda. Video ya hatua ya pili iwekwe karibu, sauti yake ikisikika kwa spika za masikioni.

Baada ya ufunguzi

Kubaliana na mhifadhi ratiba ya kuikagua pikipiki mara moja kwa mwezi, siku ambayo ukumbi umefungwa. Ukaguzi hauhitaji zana nyingi: tochi, picha za awali, brashi laini, glavu na daftari. Linganisha kila picha na hali ya sasa, ukianzia chini, kwenye spoki, cheni na bolti za injini, ambako kutu hujitokeza kwanza. Vumbi lipungutwe kwa brashi, kwani vumbi hunyonya unyevu. Badilisha silika jeli ikishashiba. Kila miezi mitatu au minne toa plagi, ongeza oili kidogo ndani ya silinda, zungusha injini kwa mkono mara chache na uirudishe pistoni mahali pake pa juu. Kila ulichofanya kiandikwe kwa tarehe na jina, hata kama ni kufuta vumbi.

Siku muda wa kuiazimisha utakapokwisha, pikipiki isiwashwe mlangoni mwa makumbusho, hata kama wapiga picha wataomba. Irudi gereji juu ya gari, itolewe silika jeli na kizibo cha ekzosi, imwagwe oili na kujazwa mpya, isuuzwe tangi, iwekewe maji mapya ya breki na yatolewe upepo, ibadilishwe matairi kama yamepasuka pembeni, ikaguliwe waya zote kwa ajili ya panya, na ndipo iwekewe betri na petroli kidogo. Mzunguko wa kwanza wa injini ufanywe kwa kiki, plagi ikiwa nje, hadi oili ionekane imefika juu kwenye fito na valvu.